Je, Ni Haki Kumhukumu Mtu kwa Rika Lake?

Ndugu msomaji, ni jambo lisilofichikana kwa mtu yeyote aliyepata kufanya kazi ofisini, karakanani au dukani pamoja na watu wa umri mbalimbali, kwamba wazee hawaachi kuwalalamikia vijana. Utawasikia wakisema: vijana wa siku hizi hawana subira, wakiajiriwa leo, kesho wataka cheo, wakiagizwa jambo huuliza sababu kabla ya kulitenda, na simu haiwatoki mkononi. Nao vijana, wakiwa peke yao, hawanyamazi. Husema kwamba wazee wa kazini ni wazito kama nanga, wamevikalia vyeo, hawataki kujifunza neno jipya, wala hawataki kumpisha mtu.

Maneno haya aghalabu huchukuliwa kuwa porojo za wakati wa chai. Lakini kwa hakika si porojo. Mwajiri ayasikiaye kila siku hatimaye huyasadiki, na akishayasadiki huyatendea kazi: barua ya kijana huwekwa chini ya rundo bila kusomwa vema, na mtu wa miaka 50 aliyekuja kuomba kazi huambiwa kwa upole kwamba ataitwa, naye haitwi. Hapo porojo imekwisha kuwa hukumu, na kila hukumu yapasa kuulizwa uadilifu wake. Basi swali tulilo nalo ni hili: Je, ni kweli kwamba vizazi hutofautiana tabia? Na ikiwa ni kweli, je, yafaa mtu mmoja ahukumiwe kwa tabia inayosemwa kuwa ni ya rika lake?

Kwanza yatupasa kujua kwamba lalamiko lenyewe ni kongwe mno. Kuna maneno yanayoenezwa sana, hata na watu wasomi, ati Sokrates, mwanafalsafa wa Athens, aliwalaumu vijana wa mji wake kwa kupenda anasa na kuwakosea adabu wakubwa. Ukweli ni kwamba maneno hayo si ya Sokrates. Yaliandikwa na Mwingereza mmoja, Kenneth John Freeman, katika tasnifu iliyochapishwa mwaka 1907, alipokuwa akiyafupisha kwa kalamu yake mwenyewe malalamiko ya Wayunani wa kale. Tazama ajabu hii: watu walitamani mno kuwa na shahidi mkubwa dhidi ya vijana, hata wakamtwisha maneno asiyoyanena. Aristotle, kwa upande wake, alieleza kweli tabia za watu kwa umri wao katika kitabu chake juu ya balagha. Alisema vijana ni wepesi wa hasira, wenye matumaini mengi na wenye kuwaamini watu upesi, na kwamba wazee ni wenye shaka na wenye kuishika sana mali. Lakini angalia kwamba yeye hakuwazungumza vijana wa zama zake tu. Aliuzungumza ujana na uzee, popote na wakati wowote. Tofauti hii ni kubwa kuliko ionekanavyo, nasi tutairudia.

Wala hatuna haja ya kwenda Ugiriki kutafuta ushahidi, maana tunao nyumbani. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu kilichokuwako Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, waliandamana mpaka Ikulu. Waliipinga sheria iliyowataka wasomi walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, na katika muda mrefu wa utumishi huo wapokee sehemu tu ya mshahara. Bango mojawapo likathubutu kudai kwamba hali ilikuwa afadhali zama za ukoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa ghadhabu. Mamia yao wakafukuzwa chuoni, wakarudishwa makwao. Lakini jambo ambalo watu husahau kulitaja ni kwamba siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa alikiri kwamba mishahara ya wakubwa nayo ilikuwa minono mno kwa nchi maskini.

Sasa, msomaji mpenzi, hebu tulipime jambo hili. Vijana wale waliitwa wachoyo, wasioipenda nchi yao, waliodekezwa na elimu. Baadaye wengi wao walirudishwa wakamaliza masomo, na rika lao ndilo lililokuja kuzishika ofisi za serikali na mashirika ya umma katika miaka ya 1970 na 1980. Leo yeyote kati yao aliye hai ana umri wa miaka 80 au karibu yake. Na rika hilo hilo ndilo tunaloelezwa sasa kuwa lilikuwa la uzalendo, lililotii bila kunung'unika na lililoitumikia nchi bila kuuliza malipo! Lipi kati ya haya mawili ni kweli? Bila shaka hakushuka malaika kuwabadilisha usiku mmoja. Walikua, wakaoa na kuolewa, wakatwishwa majukumu. Azimio la Arusha likaja Februari 1967 na kuyabadili mazingira yao yote. Na sisi tuwakumbukao tumeyasahau mabango yao.

Katika kisa hiki mmo mambo matatu ambayo watu huyachanganya kama mchele, mchanga na pumba katika ungo mmoja. Liko jambo la umri, yaani tabia zinazomjia mtu kwa kuwa kijana na kumwondoka kwa kuwa mzee. Liko jambo la wakati, yaani tukio linalowapata watu wote kwa pamoja, wadogo kwa wakubwa. Na liko jambo la rika lenyewe, yaani alama inayobaki juu ya watu waliozaliwa pamoja kwa sababu ya hali iliyowakuta utotoni au ujanani. Mtu asemapo "vijana wa siku hizi" hudhani analisema hili la tatu. Mara nyingi huwa analisema la kwanza.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani wameandika mengi juu ya tofauti hii, hasa tangu Karl Mannheim alipochapisha makala yake juu ya suala la vizazi mwaka 1928. Lakini Wamaasai wa Kenya na Tanzania walikuwa wakiijua katika desturi zao bila kuiandika. Kwao vijana wanaotahiriwa katika kipindi kimoja hufanywa kuwa rika moja na kupewa jina, na mtu habadili rika lake mpaka anazikwa. Ama madaraja ya maisha, yaani umorani, kisha uzee mdogo, kisha uzee mkubwa, hayo si mali ya rika lolote. Kila rika huyapitia kwa zamu na kuyaachia lijalo. Kwa hiyo, akionekana morani mwenye majivuno na ukali, mzee wa Kimaasai hasemi kwamba rika hili limeharibika. Ajua kwamba umorani ndio ulivyo, naye alikuwa hivyo hivyo, na kwamba ukifika wakati wa sherehe ya eunoto kijana huyo ataanza kuuvua umorani pamoja na nywele zake ndefu zinazonyolewa siku hiyo.

Kuhusu athari ya wakati juu ya rika, Wakikuyu wanatupa mfano mwema. Waliotahiriwa mwaka 1940 walijulikana kwa jina la mwaka huo, Anake a Forty. Baadhi yao walichukuliwa kupigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, wakaona nchi za mbali na watu weupe wakiuana, na waliporejea hawakukuta ardhi wala kazi. Kundi la vijana wa jina hilo lilijulikana sana mjini Nairobi kwa ukaidi wake dhidi ya serikali ya kikoloni, miaka kadhaa kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Je, walizaliwa wakaidi kuliko baba zao? La hasha. Baba zao hawakupelekwa Burma.

Sasa tuwasikilize watafiti, maana katika miaka ya karibuni jambo hili limepimwa kwa hesabu. Mnamo 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 92 ambazo ziliwafuatilia watu wale wale kwa miaka mingi. Wakaona kwamba kwa kawaida mtu huzidi kuwa mwangalifu wa wajibu wake na mtulivu wa moyo kadiri anavyokua, na mabadiliko makubwa zaidi huwa kati ya umri wa miaka 20 na 40. Maana yake ni kwamba msimamizi wa miaka 50 anapomlinganisha karani wa miaka 23 na nafsi yake ya leo, analinganisha embe bichi na bivu, kisha anaulaumu mwembe.

Yuko pia Jean Twenge, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye kuanzia 2006 alishikilia katika vitabu vyake kwamba vijana wa nchi yake wakati huo walikuwa wamezidi kujipenda kuliko waliowatangulia. Wenziwe kadhaa walimpinga kwa takwimu nyingine, wakisema kwamba kujipenda ni tabia ya ujana wa kila zama na hupungua kwa umri. Mabishano yao hayajakwisha kabisa. Lakini kuhusu kazi hasa, watafiti walipozijumlisha tafiti nyingi mwaka 2012 waliona kwamba tofauti za vizazi katika kuridhika na kazi, kujifunga na mwajiri na nia ya kuacha kazi ni ndogo sana, na mara nyingine ni sawa na hakuna. Jeshi la Marekani nalo lilitaka kujua kama yafaa kuwaongoza askari kwa kufuata majina ya vizazi. Taarifa ya wataalamu wa taasisi za taifa za sayansi za nchi hiyo, iliyotolewa 2020, ikajibu kwamba majina hayo hayana msingi wa kutosha, na kwamba ni afadhali kumtazama mtu mmoja mmoja na mahitaji ya kazi yenyewe.

Huenda msomaji mmoja akasema: "Mimi sihitaji takwimu za Wamarekani. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe kwamba watoto wa sasa si kama tulivyokuwa sisi." Jawabu la hoja hii ni kwamba macho yake yamewaona watoto wa sasa, lakini watoto wa zamani hayawaoni. Anawakumbuka tu, na kumbukumbu si shahidi asiye na upande. Mwaka 2019 John Protzko na Jonathan Schooler walichapisha matokeo ya kuwahoji Wamarekani zaidi ya 3,000. Waliona kwamba karibu kila mtu hudhani watoto wameharibika, lakini si kwa usawa. Aliyeshikilia sana kuwaheshimu wakubwa ndiye aliyeona zaidi kwamba watoto hawana heshima. Aliyesoma vitabu vingi ndiye aliyeona zaidi kwamba watoto hawapendi kusoma. Kila mtu huona upungufu mahali pale pale alipojaliwa yeye! Sababu wanayoitoa ni kwamba mtu huuchukua utu uzima wake wa sasa na kuurudisha nyuma mpaka utotoni, akadhani yeye na wenziwe wote walikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi naiona sababu hii kuwa na nguvu sana, maana inaeleza kwa nini lalamiko hili halifi, ijapokuwa kila rika lililolaumiwa limekuja kuwa rika la walaumu.

Hata hivyo, insafu yatutaka tusiende kupita kiasi tukasema kwamba vizazi havitofautiani hata kidogo. Hilo nalo si kweli. Katika nchi ya Ufini, vijana wa kiume wanaoingia jeshini hupewa mtihani wa kupima hulka. Matokeo ya vijana zaidi ya 400,000 waliozaliwa kati ya 1962 na 1976 yalipotazamwa, ilionekana kwamba kila mwaka wa kuzaliwa ulioendelea mbele, kujiamini, upesi wa kuchangamana na watu na hamu ya kuongoza vilizidi. Hao walipimwa wakiwa na umri ule ule wa ujana, basi hapa hatuwezi kusema ni umri. Ni rika. Na tazama, tofauti ilikwenda upande wa manufaa, kinyume cha lalamiko la wazee. Tena, katika siku za maradhi ya korona, watafiti wa Marekani waliona kwamba kufikia 2021 na 2022 hulka za watu zilikuwa zimeyumba kidogo, na vijana ndio walioyumbishwa zaidi: walipungukiwa subira, ushirikiano na umakini. Ujana wao ulifungiwa ndani ya nyumba. Hatujui bado kama alama hiyo itadumu au itafutika.

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliliona hili kwa uwazi mkubwa. Katika Muqaddima aliyoiandika 1377 alisema kwamba dola kwa kawaida haizidi umri wa vizazi vitatu, kila kimoja miaka 40. Kizazi cha kwanza hulelewa katika ugumu wa jangwa, nacho ni shupavu na chenye kushikamana. Cha pili huingia mjini na kuanza kustarehe, lakini bado hukumbuka. Cha tatu hakikumbuki lolote, huwa kama mtoto wa kulindwa, na dola huanguka. Wasomaji wengi wa Ibn Khaldun hukomea hapo, wakamchukua kuwa shahidi wao kwamba vijana ni dhaifu. Wamemsoma nusu. Yeye hakusema kwamba damu ya mjukuu ni mbovu kuliko ya babu. Alisema mtu hufanywa na mazoea ya maisha yake zaidi kuliko asili yake. Na ni nani aliyeyatia maisha ya mjukuu katika starehe? Ni babu mwenyewe na mwanawe, waliojenga kasri, wakaweka watumishi, wakaona fahari kwamba mtoto wao hatateseka kama wao.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Rika halijilei. Kila tabia ambayo kweli ni ya rika, wala si ya umri, imetokana na hali ambayo rika hilo liliikuta imekwisha tengenezwa na wengine. Basi yule anayeshuhudia dhidi ya rika la vijana anatoa ushahidi dhidi ya rika lake mwenyewe, ajue asijue.

Chukua lile lalamiko kubwa la waajiri, kwamba kijana hana uaminifu kwa kazi, mwaka mmoja hapa, mwaka mmoja kule. Mtu aliyeajiriwa Tanzania mwaka 1970 katika shirika la umma aliajiriwa kwa masharti ya kudumu. Alijua kwamba akivumilia ana pensheni au kiinua mgongo mwisho wa safari. Huenda angepata na nyumba ya shirika, na mkewe na wanawe wakatibiwa. Kudumu kwake kazini kulikuwa wema, sikatai, lakini ulikuwa wema wenye malipo. Kisha mambo yakageuka. Baada ya nchi kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na hasa ilipoundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma mwaka 1992, mashirika mengi yaliuzwa au kufungwa, na maelfu ya watu wakapunguzwa kazini. Watoto wengi walimwona baba, aliyekuwa hajakosa kazini siku moja kwa miaka 20, akirudi nyumbani na barua. Watoto hao wakajifunza somo ambalo hakuna aliyekusudia kuwafundisha, nalo ni kwamba uaminifu kwa mwajiri haulindi mtu. Na leo watoto wao nao wanaitwa kazini kwa mkataba wa miezi sita, au kwa kile kinachoitwa kujitolea, yaani kufanya kazi ya mtu kamili kwa nauli ya daladala. Halafu tunawauliza mbona hawadumu! Ahadi ya kudumu ilikuwa ya pande mbili, na upande ulioivunja kwanza si wa kijana.

Tena hata huko kuhamahama si kugeni kama tunavyodhani. Serikali ya Marekani imewafuatilia raia wake waliozaliwa kati ya 1957 na 1964, ambao sasa ni wazee wenye kuwalaumu vijana. Imeonekana kwamba kufikia umri wa miaka ya hamsini na kitu walikuwa wameshika kwa wastani kazi zaidi ya 12 kila mmoja, na karibu nusu yake waliishika na kuiacha kabla hawajatimiza miaka 25.

Ama kuhusu ile desturi ya kijana kuuliza sababu, mimi sioni kuwa ni utovu wa adabu kwa yenyewe. Iko namna ya kuuliza iliyo kiburi, nayo yapasa kukemewa. Lakini karani aulizaye kwa nini risiti hii inaandikwa mara mbili huenda ameiokoa ofisi na hasara. Zamani aliyeuliza alionekana mkaidi kwa sababu elimu ilikuwa kwa mkubwa peke yake. Siku hizi mkubwa na mdogo huweza kuwa na elimu moja, au mdogo akazidi katika jambo fulani, kama vile mashine mpya. Mkubwa akiona haya kwa hilo, haya hiyo hujigeuza ikawa hasira juu ya adabu.

Historia ya Uislamu inayo kumbukumbu mashuhuri ya neno hili. Mtume s.a.w. alimweka Usama bin Zaid, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20 au alikuwa ndiyo kwanza ameifikia, kuwa amiri wa jeshi ambalo ndani yake walikuwamo wakubwa kama Sayyidna Umar. Watu wakanung'unika, nao wakajibiwa kwamba manung'uniko kama hayo waliwahi kuyatoa juu ya uamiri wa baba yake pia. Baada ya kufa Mtume, Khalifa Abubakar r.a. alilituma jeshi hilo hilo chini ya kijana huyo huyo. Alimsindikiza kwa miguu hali Usama amepanda mnyama, na alipotaka Umar abaki Madina kumsaidia, alimwomba Usama ruhusa. Mkuu wa dola alimwomba ruhusa kijana, kwa kuwa askari alikuwa wa kijana. Hakuangalia nani mkubwa kwa miaka bali kazi ile ilikuwa ya nani.

Nisidhaniwe kwamba nawatetea vijana katika kila jambo. Wanayo dhuluma yao, nayo ni ile ile iliyogeuzwa uso. Kijana asemaye kwamba wazee wote wameila nchi wakamaliza, naye amemhukumu mtu kwa rika lake. Yule mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayehangaikia mafao yake dirisha kwa dirisha ni wa rika moja na waliojitajirisha, lakini hakula pamoja nao. Tena vijana wenyewe wamelipenda jina la kizazi walilopewa na wafanyabiashara wa nchi za mbali, wanalivaa kama beji, na kulitumia kuwa udhuru: mimi ni wa kizazi hiki, ndivyo tulivyo. Mtu akisema hivyo amekubali kwamba hana tabia yake mwenyewe. Mwaka 2023 kituo kimoja mashuhuri cha utafiti cha Marekani, Pew, ambacho kilikuwa miongoni mwa walioyaeneza majina hayo, kilitangaza kwamba kitapunguza kuyatumia, kwa kuwa yamekuwa yakificha mengi kuliko yanayoyaonyesha.

Kenya mwaka 2024 ni mfano wa kutuonya sote. Kabla ya Juni mwaka huo lilikuwa neno la kawaida kwamba vijana wa nchi hiyo ni wa kuchezea simu tu, hawajali siasa wala hawajui shida. Mara wakatoka kwa maelfu kupinga mswada wa fedha. Tarehe 25 Juni wengine wakaingia bungeni kwa nguvu. Na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya wakati ule. Sitoi hukumu hapa juu ya kila kilichotendwa. Nasema tu kwamba wale wale waliowaita wavivu wiki moja waliwaita mashujaa, au wahaini, wiki iliyofuata, na vijana walikuwa wale wale, na simu zilikuwa zile zile.

Nirejee kidogo kwa Wamaasai, maana kuna jambo moja katika utaratibu wao ambalo maofisi yetu hayana. Rika la vijana kwao halikabidhiwi mikononi mwa rika lililo juu yake moja kwa moja. Wajua kwamba marika mawili yanayofuatana hushindana, kwa kuwa moja linatamani nafasi na la pili halijataka kuiacha. Walezi wa rika jipya hutoka katika rika la juu ya hilo, la pili kwenda juu. Wao ndio huwawashia vijana moto wa kupekecha siku ya kuanza kwao, na tangu siku hiyo hubeba dhamana yao: huwafundisha, huwakaripia, huwaombea, na vijana wakikosa, wao huulizwa. Katika ofisi zetu mgeni wa miaka 23 hukabidhiwa kwa msaidizi wa miaka 35, ambaye anaona katika kila maswali yake mtu wa kumnyang'anya kiti. Na yule mzee wa miaka 58, ambaye hana tena la kugombea na anayajua majalada yote, ameachwa peke yake mwisho wa ukumbi akihesabu miezi ya kustaafu.